Televisheni Si Yaya wa Mtoto

Mwezi huu hatutasema juu ya mbolea wala juu ya dawa ya kupe. Twataka kusema nawe juu ya mtoto mdogo aliye nyumbani mwako, na juu ya kile chombo cha picha kilichowekwa pale penye viti vya wageni. Pengine utauliza, "Karani wa ofisi ya kilimo ana shauri gani juu ya kulea watoto?" Jibu ni kwamba kabla ya kuingia ofisi hii nilisomea ualimu, nikafundisha watoto wa darasa la kwanza. Tena jambo lenyewe limeifikia jamaa yangu, kama nitakavyoeleza.

Televisheni ilianza katika Kenya mwaka 1962, mtambo wake ukiwa Limuru. Siku zile waliokuwa nayo walikuwa watu wachache wa Nairobi na karibu yake, na mkulima wa skimu aliweza kusema kwamba jambo hilo halimhusu. Leo sivyo. Sola imefika juu ya mabati yetu, na pamoja na taa mbili tatu huja televisheni. Tangu mwaka 2015, mitambo ya kizamani ilipozimwa, king'amuzi huleta stesheni nyingi mahali ambapo zamani hata redio ilikwaruza. Na asiye na televisheni ana simu yenye kioo kikubwa, ambayo kwa mtoto mdogo ni televisheni ndogo. Kwa hiyo jambo la mjini limekuwa jambo la shambani.

MTOTO WA ZIWANI

Dada yangu anakaa Ziwani, Nairobi, katika zile nyumba ambazo baraza la mji liliwajengea wafanyakazi Waafrika miaka ya 1940. Ana chumba kimoja na binti mmoja. Yeye huuza nguo za mitumba Gikomba, na huondoka nyumbani saa 11 alfajiri ili apate nguo nzuri marobota yanapofunguliwa. Mtoto alibaki na msichana wa kazi. Nje ya mlango kuna magari, kuna mafundi wa jua kali na vyuma vyao, na kuna watu wengi wanaopita. Msichana yule aliogopa kumtoa mtoto nje, na sina neno la kumlaumu. Basi televisheni iliwashwa asubuhi na kuzimwa usiku.

Wote tuliishukuru ile televisheni. Mtoto hakulia, hakupotea, hakugongwa na gari. Lakini alipofika miaka miwili na nusu alikuwa na maneno yapata sita tu, na moja kati ya hayo lilikuwa jina la sabuni inayotangazwa. Ukimwita hakugeuka. Mwezi wa Desemba aliletwa shambani kwa bibi yake. Siku ya tatu mama aliniita kando, akaniambia, "Mtoto huyu anatazama vizuri, lakini hasemi na mtu."

Tuliingiwa na hofu kwamba ni kiziwi. Alipelekwa hospitali, masikio yake yakapimwa yakaonekana mazima. Ndipo muuguzi akauliza swali moja: "Mchana kutwa, ni nani azungumzaye naye?" Tulitazamana. Hapakuwa na mtu. Televisheni ilisema kutwa nzima, lakini haikusema naye.

Tangu siku hiyo televisheni ya Ziwani ilizimwa mchana. Msichana wa kazi aliambiwa amwambie mtoto kila afanyalo: "Sasa naosha sufuria. Nipe kijiko. Kijiko kiko wapi?" Dada yangu akirudi jioni, kwanza hukaa na mtoto, ndipo apike naye akiwa karibu. Baada ya miezi kama sita mtoto alikuwa anaunga maneno, na sasa twamwomba anyamaze kidogo.

Sisemi kwamba televisheni peke yake ilimfunga ulimi. Watoto wengine huchelewa kusema kwa sababu nyingine kabisa, na wengine hutazama sana wala wasichelewe. Lakini saa zile zote alizotazama zilikuwa saa ambazo hakuzungumza na mtu, na hasara hiyo ndiyo nitakayo kuieleza.

MTOTO HUJIFUNZA NAMNA GANI

Mfugaji ajua kwamba ndama lazima apate maziwa ya kwanza ya mama yake, yale mazito ya manjano, katika saa chache baada ya kuzaliwa. Akiyakosa, huwezi kumlipa baadaye hata kwa debe zima la maziwa mengine. Ubongo wa mtoto nao una majira yake. Hukua upesi kuliko wakati mwingine wowote katika miaka ile ya kwanza, na chakula chake, zaidi ya uji na maziwa, ni maneno na kuchezwa naye. Ila mtoto si kama ndama katika jambo moja: akichelewa aweza bado kusaidiwa, kama alivyosaidiwa huyu wa Ziwani.

Tazama mtoto wa miezi saba akiwa mapajani mwa nyanya yake. Mtoto husema "ba". Nyanya hujibu, "Baba? Baba ameenda kukamua." Mtoto hucheka, husema tena, naye hujibiwa tena. Huku ni kupeana na kupokea. Mtoto hufahamu kwamba sauti yake ina kazi, kwamba akisema mtu hugeuka. Televisheni haina zamu. Mtoto akisema "ba" picha zaendelea kupita. Akilia, mtu wa katuni bado acheka.

Tena mtoto chini ya miaka miwili haelewi vizuri kwamba kile kilicho katika kioo ni mfano wa kitu cha kweli. Chungwa la katika picha halina harufu, halina uzito, halibingiriki chini ya kiti. Yeye hujifunza kwa kushika, kutia mdomoni, kuangusha na kuokota.

JARIBIO LA MAREKANI

Wazazi wengi husema, "Namwacha atazame ili ajue Kiingereza." Mwaka 2003 wataalamu wa Seattle katika Marekani walichapisha habari za jaribio juu ya jambo kama hilo. Walichukua watoto wa miezi 9 ambao nyumbani kwao husemwa Kiingereza tu. Kundi moja lilikaa mara 12 na watu wasemao Kichina, waliowasomea vitabu na kucheza nao. Kundi jingine lilionyeshwa watu hao hao wakisema maneno ya namna ile ile, lakini katika televisheni.

Mwisho walipimwa kama waweza kutofautisha sauti za Kichina. Waliokaa na watu waliweza. Wale wa televisheni hawakuwa na faida yoyote, walikuwa sawa na watoto ambao hawakusikia Kichina hata kidogo. Basi mzazi, kama wataka mtoto wako ajue lugha, zungumza naye wewe, kwa lugha uijuayo vema, iwe Kikuyu, Kiluhya, Kikamba, Kiluo au Kiswahili. Mtoto mwenye lugha moja iliyo imara hupata ya pili shuleni bila taabu kubwa.

TELEVISHENI INAYOWAKA BILA MTAZAMAJI

Wengine husema, "Mtoto wangu hatazami, ila televisheni inawaka tu." Hata hiyo ina hasara. Mwaka 2009 wataalamu wengine wa Marekani walitoa habari za watoto zaidi ya 300, wenye umri wa miezi 2 hadi miaka 4, waliovalishwa vyombo vidogo vya kunasa sauti. Waliona kwamba kila saa moja ya televisheni kusikika nyumbani ilikwenda pamoja na upungufu wa maneno yapata 770 ambayo mtoto husikia kutoka kwa watu wazima. Watoto wenyewe nao walisema machache zaidi. Sababu yake ni rahisi kuijua: mama akisikiliza mchezo hawezi kumsemesha mtoto, na baba akifuata mpira hajibu aulizwapo.

Hesabu mwenyewe. Ikiwa inawaka saa nne kila siku, mtoto anakosa maneno mangapi kwa mwezi? Mkulima aliyepoteza maziwa kiasi hicho angekwisha kumwita bwana mifugo.

USINGIZI NA MICHEZO

Katika nyumba ya chumba kimoja, kama zilivyo nyingi za Ziwani na nyingi za skimu pia, mtoto hulala pale pale penye televisheni. Habari za Kiswahili huanza saa 1 jioni na za Kiingereza saa 3 usiku, na katikati kuna michezo ya kuigiza. Mtoto hukesha na wakubwa. Mwanga wa kioo na kelele huufukuza usingizi, na asubuhi huamka na ukali. Mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili yampasa alale saa 11 hadi 14 katika siku nzima, pamoja na usingizi wa mchana. Wa miaka mitatu au minne, saa 10 hadi 13.

Kadhalika habari zenyewe huwa na ajali, moto na watu wanaopigana. Wewe wajua kwamba mambo hayo yalitokea mbali. Mtoto wa miaka mitatu hajui. Kwake yamo chumbani.

Shirika la Afya Duniani linasema pia kwamba mtoto wa mwaka mmoja hadi minne achezeshe mwili muda usiopungua dakika 180 kila siku, yaani saa tatu za kutembea, kukimbia, kupanda na kuruka. Hapa mkulima ana bahati kuliko mtu wa Ziwani, maana anao uwanja. Itakuwa ajabu kubwa ikiwa tutakuwa na ekari tano, na watoto wetu wamekaa kama wafungwa mbele ya kioo.

JE, TELEVISHENI YOTE NI MBAYA?

Hapana. Kisu hukata nyama na hukata kidole. Wakulima wengi wamejifunza mengi kwa kipindi cha Shamba Shape Up kilichoanza mwaka 2012. Na shule zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo ya redio na televisheni yaliwafaa wanafunzi wengi waliokaa nyumbani.

Kwa watoto waliofika umri wa shule ya chekechea kuna vipindi vilivyotengenezwa kwa uangalifu. Huko Tanzania shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kipindi cha Ubongo Kids mwaka 2014, na baadaye Akili and Me kwa watoto wadogo zaidi. Uchunguzi uliofanywa Morogoro na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto wa chekechea walioonyeshwa Akili and Me walipata maendeleo katika kuhesabu na kutambua namba na maumbo. Hapa Kenya kuna stesheni ya watoto, Akili Kids, iliyoanza mwaka 2020.

Lakini angalia maneno haya: watoto wa chekechea, si wachanga. Kipindi kizuri hufaa zaidi mtu mzima akikaa pamoja na mtoto, akamwuliza, "Huyo ni nani? Amefanya nini? Sisi tuna mbuzi wangapi?" Bila hayo, hata kipindi kizuri hupita kama mvua juu ya mwamba.

KIPIMO KWA UMRI

Mwezi wa Aprili 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mashauri juu ya watoto walio chini ya miaka mitano. Kwa ufupi ni haya:

1. Mtoto chini ya mwaka mmoja: asitazamishwe televisheni wala simu kabisa.

2. Mtoto wa mwaka mmoja: pia haifai.

3. Mtoto wa miaka miwili hadi minne: isizidi saa moja kwa siku, na ikiwa chini ya hapo ni bora zaidi.

Kuzungumza na baba aliye mbali kwa simu yenye picha si jambo lile lile, maana baba husikia na kujibu. Hilo ni sawa.

Kwa mtoto aliyefika umri wa shule, weka sheria ya nyumba: kwanza kazi ya shule na kazi ya nyumbani, kisha kutazama kwa kiasi. Tazama pia alama ya kipindi au filamu. Bodi ya filamu ya serikali hutumia GE kwa kila mtu, PG kwa watoto wakiwa na uongozi wa mzazi, 16 na 18 kwa waliofika umri huo. Stesheni zimeamriwa zisionyeshe mambo ya watu wazima tangu saa 11 alfajiri hadi saa 4 usiku, lakini usiiachie stesheni kazi yako ya kuchagua.

NI NINI BADALA YAKE?

Najua mama wa skimu ana kazi nyingi. Ng'ombe wangojea kukamuliwa, maji yako mbali, na mtoto yuko miguuni. Televisheni humnyamazisha kwa nusu saa, na ile nusu saa ni tamu. Simlaumu mama huyo, wala simlaumu dada yangu. Lakini shamba lina michezo ambayo haiuzwi dukani:

Mpe mtoto maharagwe ya rangi mbili ayatenge huku wewe ukipika. Awe mkubwa kiasi cha kutoyatia puani wala mdomoni.

Okoteni mayai pamoja na kuyahesabu. Aliyejua kuhesabu mayai hataogopa hesabu darasani.

Mwendapo kisimani, mtajie kila kitu njiani, kisha mwulize wewe.

Jioni zimeni televisheni kwa saa moja. Semeni vitendawili na hadithi. Nyanya na babu wana hazina ambayo hakuna stesheni iliyo nayo, na wanaondoka nayo mmoja mmoja.

Mpe kazi ndogo za kweli: kupeleka kikombe, kuita kuku, kumwaga maji katika kitalu kwa mkebe uliotobolewa. Atapoteza maji kidogo. Mwache.

Na kina baba wasidhani kwamba maneno haya ni ya kina mama peke yao. Mtoto huyahitaji maneno ya baba vile vile. Robo saa ya kuzungumza naye kabla ya habari haitaharibu shamba.

Ikiwa una mjukuu mjini, mwombe mama yake amlete likizo, na akija usimwonyeshe upendo kwa kumwashia televisheni. Hiyo ameiacha kwao.

CHOMBO CHENYEWE

Neno moja la hatari. Televisheni iliyowekwa juu ya kimeza chembamba au juu ya kabati ya droo yaweza kumwangukia mtoto anayepanda au kuvuta waya, na watoto wameumia na kufa kwa namna hiyo katika nchi nyingi. Iweke juu ya meza pana iliyo chini, isukume nyuma hadi ukutani, au uifunge ukutani kwa chuma chake. Waya za sola na betri zifichwe. Usiweke juu yake rimoti wala kitu cha kuchezea, maana mtoto atapanda kukifuata. Na ile betri ndogo ya duara iliyo ndani ya rimoti nyingine ni hatari sana ikimezwa. Mtoto akiimeza mpeleke hospitali mara moja, usingoje asubuhi.

LINI UENDE KLINIKI

Katika kile kijitabu cha afya ya mama na mtoto unachopewa kliniki kuna ukurasa ulioandikwa umri ambao mtoto hutazamiwa kukaa, kusimama, kutembea na kusema. Wengi hutazama kurasa za chanjo na uzito tu. Isome na hiyo pia. Mtoto asiyegeuka aitwapo, au asiyekuwa na neno lolote baada ya mwaka mmoja na nusu, au aliyekuwa akisema kisha akaacha, mpeleke apimwe masikio na kuangaliwa. Usikubali kuambiwa na majirani, "Ngoja tu, hata baba yake alichelewa." Pengine ni kweli, lakini apimwe kwanza. Wala usizime televisheni ukadhani umemaliza dawa. Huenda ana ugonjwa wa masikio ambao hutibiwa.

MWISHO

Ndugu Mkulima, wewe hupandi mbegu ukaiachia redio kazi ya kuipalilia. Wafuata majira, waondoa magugu, na kila asubuhi wapita ukitazama. Mtoto naye ni vivyo hivyo. Televisheni yaweza kuwa mgeni nyumbani, aje kwa saa yake, aseme neno lake, kisha aage. Isiwe yaya.

Fanya jaribio dogo. Kuanzia leo, kwa siku saba, zima televisheni tangu asubuhi hadi jioni mtoto mdogo anapokuwa macho. Siku mbili za kwanza kutakuwa na kilio. Siku ya tatu utasikia nyumba imekuwa na sauti nyingine. Sikiliza vizuri sauti hiyo, kisha umjibu.